Makombora kwenye Rafu za Mkate

Tomma alinikuta naanika nepi. Yeye ni jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mwanamke asiyekuja kwako mikono mitupu: kama hakuletei yai, anakuletea neno. Siku hiyo alileta neno.

"Mama Neele, kitanda cha mtoto mmekiweka upande gani?"

"Upande wa ukuta wa Mzee Onno," nikamjibu. "Kule hakupigi upepo."

"Mungu wangu! Basi kihamishe leo hii. Wanasema kwa Onno kuna kombora moja halijafa."

"Wanasema akina nani?"

"Watu. Mjane wa Gerjet kamwambia dada yangu kule sokoni Norden. Mimi si mmbea, unanijua, nakupasha tu. Lakini likiamka hilo, mwenzangu, nepi zako hizi tutaziokota Uholanzi."

Akacheka peke yake. Mimi nilibaki na kibanio cha nguo mdomoni, nimesahau kukitoa.

Nyumba yetu na ya Onno Saathoff ni moja iliyokatwa katikati. Imesimama peke yake upande huu wa mfereji, na kijiji kizima kiko upande wa pili, ukivuka daraja. Zamani nusu ile ilikuwa duka la mikate. Baba yake alioka humo, na yeye akaoka humo mpaka duka kubwa lilipofunguliwa mjini na watu wakaanza kula mikate ya karatasi ya plastiki. Basi akazima tanuri. Chumba cha tanuri ndicho kinachopakana na chumba chetu cha kulala, tofali kwa tofali, na kwenye zile rafu ndefu alizokuwa akipozea mikate, Onno alipanga makombora.

Hilo halikuwa siri. Kila mtu hapa anajua kuwa Onno hukusanya makombora ya wakati wa vita, yale ya mizinga yetu ya kutungulia ndege. Kuna madogo kama karoti, kuna ya kati kama chupa ya mvinyo, na kuna yale ya nane-nane, yaani ya mzinga wa milimita themanini na nane, ambayo yakisimamishwa sakafuni yananifika kiunoni. Yote maiti, ndivyo alivyokuwa akisema. Kila moja kabla halijaingia kwake lilipita kwa bwana mmoja wa mji wa Aurich mwenye kibali cha serikali. Yule ndiye aliyetoa baruti yote, kisha akalitoboa ubavuni tundu la kuingia kidole, ili yeyote atakayelishika ajue limekwisha. Wakusanyaji wenzake waliliita tundu hilo cheti cha kifo.

Sasa Onno alikuwa na ugonjwa wake mmoja. Hakupenda matundu. Alisema kombora lenye tundu linamkumbusha mkate uliochokolewa na mtoto mtukutu kabla haujapoa. Basi alikuwa akiziba kila tundu kwa puti, analilainisha kwa kile kisu chake cha kukatia unga uliokandwa, halafu anapaka rangi juu, mpaka hujui palikuwa wapi. Wenzake walimgombeza. Marehemu Gerjet, rafiki yake mkubwa, aliwahi kumwambia mbele yangu: "Onno, unaficha cheti. Siku moja utamzika aliye hai."

"Wa kuzikwa ni wewe," Onno akamjibu, "unayeweka vitu vyenye matundu sebuleni kama jibini." Wakacheka mpaka wakakohoa.

Nilimzoea Onno kabla sijamjua vizuri, kwa sababu ya desturi. Kwetu, nyumba iliyo karibu nawe kuliko zote ndiyo jirani yako wa kwanza, upende usipende. Jirani wa kwanza huja ukijifungua. Ukifa, yeye ndiye husimamisha saa yako ya ukutani, kisha hupita mlango kwa mlango kukutangaza. Hakai, hanywi chai; hulitaja jina lako kizingitini na kwenda mlango unaofuata. Nilipoolewa na Eilert tukahamia hapa, nilikuwa mdogo, nimetoka shule ya kijiji na kufanya kazi za ndani tu. Onno alitukaribisha kwa mkate wa zabibu ulio moto bado. "Karibuni, wanangu," alisema. "Ninyi ndio mtakaonitangaza. Lakini msiwe na haraka."

Na Neele alipozaliwa, alimpima kwenye mizani yake ya mkate, kama alivyowapima watoto wote wa kijiji hiki akiwemo Eilert. Alitandika kitambaa cheupe, akamlaza, akasogeza jiwe la mizani kwa ncha ya kidole. "Huyu kaiva," akasema.

Kwa hiyo maneno ya Tomma yaliniumiza mara mbili. Nilimwogopea mtoto, na niliona haya kumwogopa mtu aliyempima.

Kitanda nilikihamisha jioni ile ile. Eilert alirudi kutoka kiwanda cha magari akanikuta nakivuta.

"Tomma tena?" akauliza. "Huyu si ndiye aliyesema tuta limepasuka bahari inaingia, kumbe bomba la jikoni kwake?"

"Safari hii ni mjane wa Gerjet kasema."

"Imke, mke wangu. Yale ni mabati. Yamekufa kabla hujazaliwa." Akanishika bega, akaenda kunawa.

Sikubishana naye. Lakini tangu siku hiyo nilianza kuusikiliza ukuta.

Ukikaa na mtu ukuta mmoja, unamjua kwa masikio. Nilikuwa najua Onno akiburuta kiti, najua akisugua kutu kwa brashi, najua wimbo wa kanisani anaoukosea mahali pale pale kila siku. Sasa nikatega sikio, sikusikia kitu. Nikajiuliza nilimsikia lini mara ya mwisho, nikaona ni zamani, tangu majira ya baridi tulipokuwa tunakula kabichi. Mlango wake haukuwa ukijibamiza tena. Siku moja nilipita nyuma nikaona kwa nini: alikuwa amefunga kitambaa kwenye kitasa, kikaingia kati ya mlango na fremu. Alikuwa akitembea uani kwa soksi. Mimi nina mtoto mchanga, naijua nyumba inayonyamazishwa hivyo. Ni nyumba yenye mtu aliyelala ambaye hutaki aamke.

Na Neele, wakati huo, alikuwa amejifunza kugonga. Kijiko cha mti mkononi, anatambaa mpaka ukutani, ko, ko, ko, kisha ananigeukia kunionyesha. Nilikuwa namnyakua, namsifu kwa mdomo huku nampeleka mbali na ukuta.

Alhamisi moja nikambeba, nikaenda kwa Onno kunywa chai.

Alitufungulia polepole. Alikuwa na miwani mipya, minene kama vitako vya glasi, kwa sababu alikuwa ametolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, na macho yake yalionekana makubwa, ya kushangaa. Tuliketi jikoni. Mlango wa chumba cha tanuri ulikuwa wazi kidogo, na nikaziona rafu, na makombora yamesimama safi, rangi ya majani makavu. Yote yalikuwa yamegeuzwa ile mihuri yao ya tai, nembo ya watawala wa wakati wa vita, ikatazama ukuta. Hiyo ilikuwa kawaida yake. "Ndege yule simtazami nikinywa chai," aliwahi kusema.

Alimimina. Sukari ya jiwe ikalia kwenye kikombe, akadondosha malai pembeni, hakukoroga. Mimi nilikunywa vikombe vitatu, maana vitatu ni haki ya mtu na kukataa kabla ya hapo ni tusi. Yeye alikunywa kimoja, akalaza kijiko ndani ya kikombe, ishara kwamba ametosheka.

Nikakitazama kile kijiko. Onno Saathoff, mwenye kuwasuta watu kwa kuishia vikombe viwili, ameishia kimoja.

"Mzee Onno," nikasema, "uliyaanzaje haya makombora?"

Alitabasamu kidogo. "Ni Habbo, mdogo wangu. Mama alipokufa nilimlea mimi. Vita ilipokaribia mwisho walichukua wavulana wa shule kuwaweka kwenye mizinga, hapa nje ya Emden. Kazi yake ilikuwa kubeba. Ndege zikija, wao wanapokezana makombora kutoka ghalani hadi mzingani. Alikuja likizo siku moja, akashindwa kuinua kikombe. Nikamwuliza, mdogo wangu, vitu hivyo vina uzito gani? Akasema, 'Kaka, ni kama kubeba mtoto wa miaka mitatu, na ukimtua unapewa mwingine.'" Akasogeza kikombe chake pembeni. "Hakurudi tena likizo. Na mimi, mtu wa mizani, nikabaki sijui uzito wenyewe. Nilipopata la kwanza, lile la nane-nane lililo karibu na tanuri, nililipima. Nikalibeba, nikazunguka nalo chumba kizima mpaka mikono ikafa ganzi. Basi. Baadaye nikawa siwezi kuacha."

Neele alimnyooshea mikono. Onno hakumpokea. Hilo nililiona pia.

Nikakusanya nguvu. "Mzee Onno, yote yamekufa?"

"Nani anauliza, wewe au Tomma?"

"Anauliza mama wa mtoto."

Akamtazama Neele muda mrefu kwa yale macho makubwa. "Kitanda chake kiko upande gani?"

"Nimekihamisha."

"Vizuri," akasema.

Tomma alinitisha, lakini neno hilo lilinitisha zaidi. Nilisubiri aongeze kitu, akainuka kuosha vikombe, akiviweka kimoja kimoja kwenye taulo visigongane.

Usiku nilimweleza Eilert. "Alisema vizuri."

"Kwa hiyo neno vizuri ndilo linakunyima usingizi?"

"Kama yote yamekufa, Eilert, angesema: umekihamisha kwa nini?"

Nilidhani anafikiri, kumbe kashalala.

Nikaazimia nimrudie Onno Jumapili baada ya kanisa, nimbane mpaka aseme. Lakini Jumamosi ilitangulia. Nilikuwa namlisha Neele jikoni, Eilert yuko chumbani, akaniita kwa furaha: "Mke wangu, pale ulipotoa kitanda sasa pana nafasi. Naweka ile rafu uliyokuwa unaniomba!" Kabla sijaelewa anasema ukuta upi, nikasikia drili.

Sauti ile iliingia kwenye meno yangu. Nilisimama na mtoto, kijiko kikaanguka. Nilifungua mdomo kumwita, na hapo hapo mlango wetu wa mbele ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Onno, miguuni soksi, miwani imekaa upande.

"Zima! Zima hicho kitu, Eilert! Usitoboe!"

Drili ikanyamaza. Eilert akatokea na vumbi la tofali kwenye nyusi. "Kuna nini, mzee? Ni ukuta wangu."

"Ni ukuta wetu," Onno akasema. Nilimsogezea kiti, akakataa kukaa. Akayasema yote amesimama, akiutazama mkono wake kama anayasoma humo.

Gerjet alipozikwa vuli iliyopita, mjane wake, Swantje, alileta sanduku la makombora yake, ya ukubwa wa chupa. Onno alijua Gerjet hakuwa mtu wa kubahatisha: hakuweka kwake lisilopita Aurich. Wakati huo macho ya Onno yalikuwa bado na ukungu, hajapasuliwa. Akakaa na makombora hayo majira ya baridi, akayasugua kutu, akayaziba matundu kwa kuyapapasa kwa kidole, akayapaka rangi, akayachanganya na yake ya ukubwa ule ule.

"Moja halikuwa na tundu," akasema.

Eilert akaweka drili chini, taratibu sana.

"Nililipapasa pande zote. Halina. Nikasema moyoni: Gerjet! Mzee mkaidi! Miaka yote unanicheka kwa kuziba, kumbe kabla hujafa umeniiga, umeliziba moja kunifurahisha. Nililia, jamani. Nikalipaka rangi vizuri kuliko yote." Akajifuta pua kwa mkono. "Halafu Swantje akaniuliza sokoni, lile walilolivua wavuvi wa kamba kwenye nyavu, ulilipeleka Aurich? Maana Gerjet hakuwahi kulipeleka, aliugua."

"Na ulilisugua?" Eilert akauliza. "Kwa brashi ya chuma?"

"Nililisugua."

"Mwanangu analala nyuma ya ukuta ule!"

"Ndiyo maana nilifunga vitasa. Ndiyo maana..."

"Vitasa!" Eilert akapaza sauti, kisha akajisikia mwenyewe anavyopaza, akaishusha ikawa mnong'ono wa hasira. "Unafunga vitambaa kwenye vitasa, badala ya kwenda kupiga simu? Tangu lini?"

"Nilingoja miwani. Nilisema nikiona vizuri nitalitambua. Nimepata miwani, nimeyatazama, yote yana uso mmoja. Mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyoyafananisha." Akanigeukia mimi. "Wakija, mwanangu, hawatachagua. Hawawezi. Hayana cheti hata moja. Watayachukua yote, na la Habbo pia."

Hapo nikaelewa kilichokuwa kimemfunga mdomo. Nilimhurumia, na nilimkasirikia, vyote vikakaa pamoja kifuani mwangu. Lakini Neele alikuwa mkononi, na joto lake ndilo lililonisemea.

"Mzee Onno," nikasema, "Habbo alibeba ili waliokuwa nyuma yake walale salama, sivyo?"

Aliinamisha kichwa.

"Basi twende tukapige simu. Sasa hivi. Hatuchukui kitu."

Nilitoka na mtoto na blanketi, hata koti sikuvaa. Eilert alitembea nyuma yetu, kati yetu na nyumba, mikono ameitanua kama mtu anayeswaga bata. Onno alitoka kwa soksi zake. Nilimwambia avae viatu vya mti vya bustani vilivyokuwa mlangoni kwetu; akavitazama, akasema vitagonga kwenye mawe. Akavishika mkononi mpaka tukavuka daraja.

Kibanda cha simu kiko ng'ambo, kando ya daraja. Eilert alitaka kupiga yeye, Onno akamzuia kwa kiganja. Akaingia. Nilimwona kupitia kioo, mgongo wake umeinama, mdomo unakwenda polepole. Alisema jina lake. Alisema alichokuwa akifanya maisha yake yote, mwokaji. Kisha alisema yaliyobaki, na mtu wa upande wa pili inaonekana alimfanya ayarudie, maana nilimsikia akipandisha sauti: "Hapana, bwana. Sijui lipi. Nimesema sijui lipi."

Alipotoka alikuwa ameshuka mabega.

"Wataalamu wanatoka mbali, watachelewa kidogo," akasema. "Polisi wanatangulia. Mtu asirudi upande ule. Na nyumba za huku zilizoelekea mfereji, watu watoke, waende shuleni. Polisi watapita na gari lenye kipaza sauti."

Eilert alikuwa bado na vumbi kwenye nyusi. Alimtazama mzee, akamtazama mtoto, akavua koti lake la kazi akanivika mimi, kisha akamchukua Neele. "Nampeleka kwa mama," akasema. Akapiga hatua, akasimama. Bila kugeuka akasema, "Mzee Onno, vaa viatu. Huku hamna cha kuamsha." Akaenda zake.

Tukabaki wawili, tumeegemea chuma cha daraja. Maji ya mfereji yalikuwa yametulia, nyumba yetu imejipindua humo ndani, nusu yangu na nusu yake. Sikuweza kuitazama kwa muda. Kila mlango uliofungwa mahali fulani kijijini ulinishtua. Kwenye dirisha la Tomma pazia lilikuwa limesogezwa, limeshikwa hivyo hivyo, na nikajua amesimama nyuma yake.

Onno akavaa viatu. Akanyoosha miwani. Kwa mbali, upande wa barabara ya Emden, tulisikia king'ora kidogo, kikapotea kwenye upepo.

"Imke," akasema. Hakuwa na kawaida ya kuniita jina. "Wewe ni jirani yangu wa kwanza."

"Ndiyo, mzee."

"Sitaki jina langu litangazwe kwa kipaza sauti, kama samaki wa mnada. Kuna desturi." Akasogea kunipisha. "Nenda ukanitangaze wewe. Mlango kwa mlango, kabla hawajafika. Usikae, usinywe chai. Waambie Onno Saathoff aliziba matundu, na sasa hajui lipi limekufa na lipi halijafa. Waambie watoke, wavae nguo nzito, waende shuleni. Usinipunguzie neno hata moja."

"Nianzie wapi?"

Alilitazama lile pazia lililoshikwa.

"Anzia kwa Tomma," akasema. "Alisema kweli, na kweli aipate mlangoni kwake, kutoka kwangu. Nenda, mwanangu. Nenda haraka."